Batman asiye na mali, Spider-Man mwenye watoto: je, matoleo haya mapya yanafaa kununuliwa?

Swali la msomaji wa Tanga: "Kaka, zamani nilisoma sana komiki za Marvel na DC alizokuwa akituletea mjomba aliyekuwa baharia. Nilipoanza kazi nikaziacha. Sasa wadogo zangu wananiambia Batman si tajiri tena, Spider-Man ana mke na watoto wawili, na Wonder Woman amelelewa kuzimu. Hizi ni hadithi nzuri kweli, au ni mbinu ya kutuuzia upya vitu vilevile? Nikiwa na pesa ya kitabu kimoja tu, nichukue kipi? Na Storm, ambaye tuliambiwa ni Mkenya, yuko wapi siku hizi? Halafu nina kijana wa miaka 9 naye anataka kusoma."

Dada yangu, nikupe jibu kwanza, maelezo yafuate. Kama pesa ni ya kitabu kimoja, nunua juzuu ya kwanza ya Absolute Wonder Woman. Imekusanya matoleo matano ya mwanzo, na katika yote niliyosoma tangu kampuni hizi mbili zianze kuwaumba upya mashujaa wao, hakuna kilichonishika kama hicho. Cha pili ni Absolute Martian Manhunter, ingawa hicho hakitampendeza kila mtu. Batman na Spider-Man wanafuata, na kila mmoja ana kasoro zake.

Hofu yako ya kuuziwa vitu vilevile ina msingi. Mwaka 1991 Marvel ilitoa X-Men nambari 1 ikiwa na majalada matano tofauti. Maduka yakaagiza nakala zipatazo milioni 8, na watu wakanunua toleo hilohilo mara tatu, mara nne, wakiamini siku moja zitakuwa mali. Kitu chenye nakala milioni 8 hakiwezi kuwa adimu. Soko likaporomoka, maduka mengi yakafunga milango, na Desemba 1996 Marvel yenyewe ikaenda mahakamani kutangaza kufilisika. Mtindo wa majalada mengi umerudi siku hizi, na ukiingia mtandaoni utakutana na watu wanaokwambia ununue toleo fulani upesi kabla bei haijapanda. Usiwasikilize hao. Nunua cha kusoma, na kama hadithi haikukuvuta, jalada halitakufariji.

Hata hivyo, kuumbwa upya kwa shujaa hakujaanza leo, na mara nyingine kumezaa kazi nzuri sana. Mwaka 2000 Marvel ilianzisha ulimwengu ulioitwa Ultimate, ambamo Peter Parker, yaani Spider-Man, alianza tena akiwa kijana wa shule. Ulimwengu ule ulidumu hadi 2015. Wa pili ulianza 2023 kwa kazi ya mwandishi Jonathan Hickman na mchoraji Bryan Hitch: Reed Richards wa ulimwengu ule wa kwanza, mwanasayansi aliyegeuka mwovu na kujiita Maker, anaingia katika dunia nyingine na kuwazuia mashujaa wasizaliwe. Buibui aliyepaswa kumng'ata Peter na kumpa nguvu anaondolewa njiani, na Peter anakua, anaoa, anazeeka kidogo, huku akihisi kuna kitu kilipaswa kutokea na hakikutokea. DC ilijibu Oktoba 2024 kwa safu ya Absolute, chini ya uongozi wa Scott Snyder. Huko kila shujaa ananyimwa kile kilichokuwa kikimbeba: Batman utajiri, Superman wale wazazi wema wa shambani Kansas, Wonder Woman kisiwa chake na dada zake.

Mimi hupima matoleo haya kwa swali moja: hicho alichonyang'anywa shujaa kinabadilisha anavyoamua mambo, au kimebadilisha mavazi tu? Hapo ndipo matoleo haya yanapoachana.

Katika Absolute Wonder Woman, ulioandikwa na Kelly Thompson na kuchorwa na Hayden Sherman, toleo la kwanza linamleta mungu Apollo kuzimu akiwa na mtoto mchanga. Anamkabidhi kwa Circe, mchawi aliyefungiwa huko, na kumwamuru kwamba neno Amazoni, jina la wanawake wapiganaji wa ukoo wake, lisitamkwe mbele ya mtoto huyo kamwe. Circe hakutaka mtoto. Kurasa zinazofuata zinatuonyesha mwanamke mkali, mwenye uchungu wake wa miaka mingi, akigeuka mama bila kupenda, hatua kwa hatua, kwa sababu kitoto kile hakiogopi kitu na kinapenda kila kinachotambaa. Katikati ya kumbukumbu hizo tunamwona Diana, ndiye Wonder Woman, sasa mkubwa, akishuka juu ya mji wa Gateway City akiwa amepanda farasi mwenye mabawa aliyebaki mifupa, mkononi upanga unaomzidi kimo, kuwakabili madubwana yanayoishambulia.

Sasa tazama kilichofanyika. Diana wa zamani alikuwa mwema kwa sababu alilelewa peponi na wanawake waliompenda. Huyu kalelewa na mchawi katika moto, na bado ni mwema, tena wema wake una makali, maana anajua gharama yake. Steve Trevor, rubani aliyeangukia kuzimu, anapotakiwa kurudishwa kwao, Diana anautoa mkono wake mwenyewe uwe fidia. Hakuna hotuba ndefu juu ya kujitolea. Anakubali bei, anailipa, na matoleo yote yanayofuata tunamwona akipigana kwa mkono wa kichawi uliochukua nafasi ya ule uliokwenda. Msomaji haruhusiwi kusahau.

Na michoro! Sherman hapangi fremu zake kwa safu zilizonyooka kama matofali. Zinapinda, zinazunguka, zinajikunja kufuata umbo la dubwana au mkondo wa uchawi, na bado jicho halipotei. Rangi za Jordie Bellaire zinaitenga kuzimu na dunia kwa namna ambayo ukifungua ukurasa wowote unajua uko wapi kabla hujasoma neno. Mwaka 2025 mfululizo huu ulipewa tuzo ya Eisner, ile kubwa ya komiki Marekani, ya mfululizo mpya bora, na kwa maoni yangu ulistahili.

Absolute Martian Manhunter ni kitu kingine kabisa. Martian Manhunter wa asili, aliyezaliwa katika kurasa za Detective Comics mwaka 1955, ni mtu wa kijani kutoka Mirihi anayejificha miongoni mwetu. Deniz Camp na mchoraji Mhispania Javier Rodríguez wamemfanya kuwa afisa wa FBI aitwaye John Jones, binadamu wa kawaida, aliyenusurika mlipuko wa bomu mkahawani. Tangu siku hiyo kuna sauti ngeni ndani ya kichwa chake, na anaona fikra za watu zikiwatoka kama moshi wa rangi. Rodríguez anatia rangi kazi yake mwenyewe, na hapa rangi ndiyo msimuliaji: unaona hasira ya jirani kabla hajafungua mdomo, unaona upweke wa mke wa John ukitanda chumbani huku mumewe akitazama pembeni. Anayetafuta ngumi na majengo yanayoporomoka atachoka mapema. Lakini kwa mtu aliyewahi kukaa na mwenzake meza moja bila kujua la kumwambia, mfululizo huu utamgusa mahali pa ndani.

Batman ndiye anayeuza kuliko wote, kwa hiyo nimtendee haki. Absolute Batman nambari 1, la Scott Snyder na mchoraji Nick Dragotta, ni toleo la kwanza lililojengwa vizuri mno. Bruce Wayne, yaani Batman mwenyewe, ni mtoto wa mwalimu. Baba yake aliuawa kwa risasi katika safari ya wanafunzi kwenye bustani ya wanyama, akiwakinga watoto. Mama yake yu hai na anafanya kazi serikalini. Bruce mwenyewe ni mhandisi, jitu la mwanamume, anayeijua Gotham, mji wake, kuanzia mifereji yake hadi nguzo za madaraja. Ile nembo ya popo kifuani inang'oka na kuwa kichwa cha shoka. Anayetusimulia ni Alfred, zamani mtumishi wake wa nyumbani, ambaye hapa ni jasusi wa Uingereza aliyetumwa kumchunguza, hivyo tunamfahamu Batman kupitia macho ya mtu asiyemwamini. Ni uamuzi wa busara, kwa sababu nasi tumekuja na mashaka yetu.

Kinachonifurahisha zaidi ni marafiki zake. Waylon, Oswald, Harvey, Edward na Selina, ambao wasomaji wa zamani tunawajua kama maadui wake, hapa ni watoto wa mtaa mmoja waliokua pamoja, wanaocheza karata na kutaniana. Umaskini wa Bruce umempa kitu ambacho mabilioni hayakuwahi kumpa: watu wake. Hapo swali langu limejibiwa kikamilifu.

Kisha anakuja Bane, adui mwingine wa Batman. Jitu hili linawavunja marafiki wale mmoja baada ya mwingine, miili inageuzwa na kuharibiwa, ukurasa baada ya ukurasa. Naelewa nia: kama marafiki ndio utajiri wa Bruce, adui lazima awaguse wao. Lakini mateso yanaporudiwa toleo hata toleo yanapoteza uzito. Nilipofika katikati ya mkondo ule nilikuwa natazama ufundi wa Dragotta, ambao ni wa hali ya juu, huku moyo ukiwa umeshakaa pembeni. Snyder anajua kutisha kwa kidogo. Toleo la kwanza linathibitisha. Hapa aliamini wingi.

Ukitaka kumwona Batman huyu katika ubora wake ndani ya toleo moja lisilokudai usome mengine, tafuta Annual, yaani toleo maalumu la mwaka, ya 2025. Hadithi kuu iliandikwa na kuchorwa na Daniel Warren Johnson peke yake. Bruce, bado mchanga katika kazi hii, anakutana na kundi la wazungu wabaguzi wanaowashambulia wahamiaji, na hasira yake inamfikisha mahali pa hatari. Johnson anachora ngumi kama mtu anayezisikia kwenye mifupa yake mwenyewe, halafu anasimama na kuuliza hasira ile ilirithiwa wapi na ilipaswa kwenda wapi. Nimeisoma mara nyingi na bado inanikaba koo.

Superman wa Jason Aaron na Rafa Sandoval namweka chini kidogo. Wazo lake ni zuri: Krypton, sayari alikozaliwa, ilikuwa jamii ya matabaka, wazazi wake walikuwa wa tabaka la wafanyakazi, na Kal-El, ndilo jina lake la kuzaliwa, alifika duniani akiwa mkubwa kiasi cha kukumbuka kila alichopoteza. Tunamkuta akiwatetea wachimba migodi wanaonyonywa na kampuni yenye jeshi lake. Tatizo ni usimulizi. Hadithi inaruka mbele na nyuma mara nyingi, na vazi lake linaloongea linaeleza mambo ambayo mchoro ulikuwa umeshayasema. Soma sehemu zote za Krypton. Hizo zina joto la kweli.

Tuje Marvel. Ultimate Spider-Man, wa Hickman na mchoraji Marco Checchetto, ulitoka Januari 2024, na matoleo sita ya mwanzo ni raha tupu. Peter ana miaka thelathini na kitu, ana mke, Mary Jane, na watoto wawili, Richard na May. Mjomba Ben yu hai. Safari hii aliyekufa ni shangazi. Tony Stark, yule Iron Man, anampelekea Peter kile alichoibiwa na kumwachia uamuzi: ukitaka maisha uliyonayo, yaache yalivyo; ukitaka yale yaliyokuwa yako, haya hapa. Peter wa zamani aling'atwa kwa bahati. Huyu anachagua, akiwa na familia imelala chumba cha pili. Nguvu zilezile, mzigo tofauti kabisa.

Kuna jambo dogo nalipenda sana humo. Vazi lake la kwanza ni jeusi. Binti yake anamwambia linatisha, na baba analibadilisha kuwa jekundu na bluu. Rangi tulizozijua miaka sitini zinapata sababu mpya, na sababu hiyo ni mtoto. Toleo la 4 nalo linakwenda karibu lote kwenye meza ya chakula cha jioni: Peter na Mary Jane, Harry Osborn na mkewe Gwen, wakizungumza, wakipimana, huku wanaume wawili wakijua siri ambayo hawajaamua kuisema. Karibu hakuna ngumi. Waandishi wachache wa komiki za mashujaa wangethubutu, na wachache zaidi wangefaulu.

Baada ya hapo mwendo unalegea. Hickman aliamua kwamba mwezi mmoja wa wasomaji uwe mwezi mmoja wa hadithi, kwa hiyo kati ya toleo na toleo mengi yanatokea nje ya macho yetu. Mwanzoni hilo linaipa familia ile uhai. Watoto wanakua, majira yanabadilika. Baadaye matukio makubwa yanaanza kusimuliwa tu badala ya kuonyeshwa, na ule mkondo wa kuwindwa na adui aitwaye Kraven unakaa muda mrefu kuliko chakula kilichomo. Nunua juzuu ya kwanza bila wasiwasi. Ya pili azima.

Usiipite Ultimates, ya Deniz Camp na Juan Frigeri, iliyoanza Juni 2024. Ni hadithi ya watu wanaojaribu kuandaa upinzani dhidi ya mabwana walioigawana dunia, na inachukulia kazi hiyo kwa uzito: nani anasajiliwa, nani anavunjika, nani anadanganywa na televisheni. Toleo la 4 linahusu Reed Richards wa dunia hii, si yule Maker, aliyeteswa na Maker hadi akawa Doom. Kurasa zake zimegawanywa ili vipindi vinne vya maisha yake viende sambamba. Unaweza kulisoma ukurasa kwa ukurasa, au ukafuata kipindi kimoja toka mwanzo hadi mwisho kisha ukarudi kuanza kingine. Filamu haiwezi kukupa hilo; karatasi inaweza. Kama kuna mtu anakuuliza kwa nini bado watu wazima tunasoma komiki, mpe toleo hilo.

Na sasa Storm wetu. Alipoonekana mara ya kwanza katika Giant-Size X-Men nambari 1 la mwaka 1975, la Len Wein na Dave Cockrum, Profesa Xavier, kiongozi wa X-Men, alimkuta Kenya akiabudiwa kama mungu wa mvua. Baadaye akapewa ukoo: mama yake, N'Daré, binti wa kifalme wa Kenya, baba yake, David Munroe, mpiga picha Mmarekani, utoto wake Cairo, na kifusi kilichomzika pamoja na mwili wa mama yake, ambacho hadi leo kinamfanya aogope mahali pa kubana. Kenya ile ya 1975 ilikuwa mandhari tu. Haikuwa na Nairobi, wala Mombasa, wala mtu mwenye jina unaloweza kulitambua. Inaniuma kwamba kwa miaka yote hii ni wachache waliojali kuirekebisha.

Oktoba 2024 alipata mfululizo wake mwenyewe, ulioandikwa na Mnigeria Murewa Ayodele na kuchorwa na Lucas Werneck. Toleo la kwanza ni zuri sana. Kinu cha nyuklia kimelipuka Oklahoma City, Ororo, ndilo jina lake halisi, anakwenda kuokoa watu, na anagundua kilichosababisha ni nguvu za kijana mutanti, yaani mtu aliyezaliwa na nguvu za ajabu, zilizoamka ghafla. Angeweza kunyamaza. Anajua ukweli huo utawapa maadui wa mutanti wote silaha waliyokuwa wakiitafuta. Anausema hadharani. Kisha mionzi nayo inadai deni lake mwilini mwake. Huyo ndiye Storm niliyekuwa nikimsubiri: mtu mzima, mwenye hadhi, anayelipa gharama ya neno lake. Werneck anampa uso wenye fahari isiyo na majivuno.

Matoleo ya baadaye yanajaza miungu. Hadad, Eternity, vita vya ngurumo, kila kimoja kikubwa kuliko kilichotangulia, na yule mwanamke wa toleo la kwanza anafunikwa na radi zake mwenyewe. Ayodele ana mawazo mengi mno, na ningetamani angekaa na mawili tu. Storm mwingine yumo katika Ultimate Black Panther, ya Bryan Hill na Stefano Caselli, akiwa mpiganaji upande mmoja na Killmonger dhidi ya majeshi ya Moon Knight yanayoitawala sehemu kubwa ya Afrika. Huyo anashughulika na ardhi na watu wake moja kwa moja, ingawa hadithi inakwenda polepole.

Kuhusu namna ya kununua: matoleo ya mwezi mengi ni dola 4.99 kila moja, kurasa ishirini na kitu za hadithi, na kuyasafirisha moja moja hadi Tanga ni kutupa pesa. Subiri juzuu, hukusanya matoleo matano au sita kwa bei iliyo chini ya kuyanunua moja moja. Kwa Marvel kuna pia huduma yao ya kulipia kwa mwezi, ambayo huweka matoleo mapya takriban miezi mitatu baada ya kutoka. Kwa msomaji kama wewe, anayerudi baada ya miaka mingi na anayetaka kuonja hiki na kile, hiyo ndiyo njia rahisi ya kuwafikia Spider-Man, Ultimates na Storm kwa mpigo. Pesa ya kitabu iende kwa Diana.

Kijana wako usimpe Absolute Batman, tafadhali. Kuna mikono inayokatwa tangu toleo la kwanza, na ule mkondo wa Bane unanitosha hata mimi. Wonder Woman asome atakapokuwa mkubwa kidogo, nawe ukiwa karibu, maana madubwana yake yanaweza kumfuata usingizini. Kwa miaka 9 mtafutie Superman Smashes the Klan, ya Gene Luen Yang na wachoraji wa Kijapani Gurihiru, iliyotoka 2019 na 2020. Si mpya kama hizi nyingine. Imetokana na mchezo wa redio wa 1946 ambamo Superman alikabiliana na wabaguzi, na inasimulia familia ya Kichina iliyohamia Metropolis, mji wa Superman, kwa macho ya binti yao aitwaye Roberta, msichana mwenye haya anayejikuta mgeni katika mtaa mpya. Superman mwenyewe ndani yake anaogopa kuonyesha yote anayoweza kwa sababu hataki aonekane mgeni. Michoro ni safi, Kiingereza chake ni chepesi, na hadithi inaisha ndani ya kitabu kimoja. Someni pamoja sura ya kwanza. Zilizobaki atazimaliza mwenyewe.